Laini ya Sinema: Kibao Kisichotundikwa

Mmenitukana wiki nzima. Kuna muuza viatu mmoja ameniandikia kwamba nikimgusa Mama Koleo, hatanunua tena gazeti hili. Pole yake. Leo nitamgusa, tena kwa mkono mzito, na gazeti atalinunua.

Tulimwacha mama wa watu peke yake ndani ya chumba cha kuongozea umeme, ghorofa ya tatu, jua la alasiri likiwaka nje. Kitasa cha mlango kilikuwa kinazunguka polepole, na anayekizungusha hakupiga hodi. Mlinzi wa chini alikuwa na amri ya kutompandisha mtu yeyote. Sasa ni nani huyo aliyepanda?

Alikuwa mumewe.

Suti nyeupe, kikombe cha chai mkononi, tabasamu la kwenye mikutano ya hadhara. Katibu wa chama wa wilaya, ambaye mlinzi hawezi kumzuia hata kama anakuja kuchoma jengo.

"Baba Koleo!" Mama Koleo akashusha pumzi. "Umenitisha. Nilidhani ni watu wa Bwawa."

"Mimi ni watu wa Bwawa," akajibu Katibu, akaweka chai mezani.

Kwa mgeni aliyeokota gazeti hili kwa kinyozi, mambo yako hivi. Leo chama kinamchagua mgombea wake wa ubunge, na katika jimbo hili anayepitishwa na chama ameshakuwa mbunge; wapinzani wanashona suti za kushindia njaa. Wanaogombea ni wawili. Wa kwanza ni Waziri wa Nishati, ambaye watu wamembandika jina la Bwawa, kwa sababu kila akishika kipaza sauti analia kwamba maji ya bwawa yamekauka na mgao wa umeme ni mapenzi ya Mungu.

Wa pili ni Nguzo. Alikuwa fundi wa laini mpaka alipofukuzwa kazi kwa kusema hadharani kwamba bwawa limejaa mpaka mdomoni, ila mitambo inazimwa makusudi ili jenereta za kukodi za mkwe wa Waziri zipate soko. Mkataba wa jenereta hizo ni wa miaka ishirini, na unasubiri Bwawa arudi bungeni ausaini.

Nguzo ni mdogo wake Mama Koleo, tumbo moja. Mama yao alipofariki, dada alimbeba mgongoni naye mwenyewe akiwa bado anaota meno ya utu uzima. Na Mama Koleo ndiye mpanga zamu ya mgao katika mji huu. Anazima mtaa huu, anawasha ule. Mtaani wanamtukana, yeye anameza.

Kura zinahesabiwa kwenye jumba la zamani la sinema. Mnalijua jumba la sinema: kuta nne, dari, hakuna hata dirisha la kutolea moshi. Taa ikizimika mle mchana kweupe, huoni kidole chako.

Sasa mnaelewa Katibu alifuata nini.

"Nguzo anaongoza," alisema, akavuta kiti. "Limebaki sanduku moja. Mheshimiwa anahitaji giza kidogo tu. Kidogo, Mama Koleo. Kama la kubadilisha shuka."

"La kubadilisha sanduku."

"Hayo umesema wewe."

Mama Koleo alimtazama mume wake wa miaka ishirini na saba kama anayetazama mkate ulioota ukungu. Alikuwa anajua ni mwanachama. Alikuwa anajua ni mwoga. Kwamba angekuja mwenyewe, kwa miguu yake, hilo hakulijua.

"Sizimi," akasema.

"Ukizima, Nguzo anashindwa, anarudi kwa mkewe, anachomelea mageti yake. Usipozima, anashinda. Akishinda, kuna askari wawili nje ya sinema wana hati ya kumkamata kwa wizi wa nyaya za shaba. Unajua watu wanavyotoka kule ndani? Wengine hawatoki. Mimi nimekuja kumwokoa mdogo wako."

"Wewe umwokoe Nguzo? Wewe uliyemsusia hata harusi yake?"

"Chagua."

Mama Koleo hakuchagua. Akachukua simu yake, akampigia Nguzo. Iliita mara moja tu.

"Dada, sema haraka, wanafungua sanduku la mwisho."

"Shemeji yako yuko hapa. Anasema nikizima unapona, nisipozima unaozea ndani."

Upande wa pili kulikuwa na kelele, kisha Nguzo akacheka, kile kicheko chake cha kukera.

"Nikioza nitanuka, wote wasikie. Usizime, dada. Hata wakikwambia nimekufa, usizime. Maiti haihitaji giza, mwizi ndiye anayelihitaji."

Akakata. Mama Koleo akaiweka simu mezani, akageuza kiti chake, akaupa mgongo ubao wa swichi na kumkabili mumewe kifua mbele.

"Umesikia. Kunywa chai yako, uende."

Katibu hakukasirika. Hicho ndicho kilichomtisha mkewe. Alisimama, akajinyoosha mgongo, akapita pembeni yake, akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya tatu kutoka kushoto, safu ya chini.

Aliijuaje, katika ubao wenye swichi zaidi ya mia?

Aliijua kwa sababu alionyeshwa. Enzi za uchumba wao, Mama Koleo akiwa mwanafunzi wa kazi mwenye majivuno ya kitambulisho kipya, alimwingiza mchumba wake humu kwa siri. Akamwonyesha: "Hii ndiyo laini ya sinema. Siku ukinikosea, nakuzimia picha katikati." Wakacheka mpaka mlinzi akaja. Mapenzi, jamani, yanasema mambo mengi yasiyotakiwa kusemwa.

Katibu akaizungusha swichi. Taa ndogo nyekundu, ya laini yenye umeme, ikawa ya kijani. Huko sinema, giza.

"Baba Koleo!"

Mama Koleo alimrukia. Katibu akamsukuma akaangukia kiti, kiti kikabingirika mpaka ukutani. Kisha yule bwana akafanya mambo yake kwa utulivu kabisa. Aliung'oa waya wa simu ya mezani. Akachukua simu ya mkewe, akaitia mfukoni. Redio ya kuongelea na mafundi hakuigusa, maana haikuwepo. Meneja aliichukua asubuhi akisema inapelekwa kutengenezwa, na Mama Koleo kwa upole wake alimsaidia kuibeba.

"Binti yako yuko mle ndani!" Mama Koleo akalia. "Koleo ni wakala wa mjomba wake! Watu wanapigana gizani, na binti yako yuko katikati!"

Katibu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azime.

"Koleo yuko nyumbani. Nilimfungia chumbani kwake asubuhi, funguo ninazo hapa. Unadhani mimi ni mnyama?"

"Umemfungia mtu mzima? Fundi wa laini wa miaka ishirini na sita?"

"Nimemlinda mwanangu. Nawe mlinde wako kama unaweza."

Msomaji wangu, tuwaache hapo kidogo. Nataka nikuonyeshe kitu ambacho wawili hao hawakukiona, halafu nione kama utalala.

Koleo hakuwa nyumbani. Mtu anayeshinda juu ya nguzo utamfungiaje kwa mlango, na chumba chake kina dirisha? Alishuka kwa bomba la maji ya mvua kabla baba yake hajafika kona. Alikuwa ndani ya sinema tangu kura ya kwanza inahesabiwa, amevaa buti za kazi, mkanda wa kupandia nguzo umening'inia kiunoni kama kawaida yake. Jina la Koleo alipewa utotoni, maana watoto wenzake walilala na wanasesere, yeye alilala na koleo ya mjomba.

Taa zilipozimika, ukumbi mzima ulipiga yowe moja. Viti vikaanguka. Mtu akapiga filimbi, na palipokuwa na filimbi pakaanza kupigwa watu.

"Sanduku!" Sauti ya msimamizi wa kura ililia. "Jamani, sanduku!"

"Ninalo!" Nguzo akajibu kutoka chini. Alikuwa amelilalia. Mwili mzima, mikono na miguu, kama kuku juu ya mayai. Walikuwa wanampiga mateke ya mbavu, na kila teke alikuwa anahesabu kwa sauti, akimkejeli mpigaji. "Hilo la nane! Mwambie Bwawa akulipe posho!"

Mke wa Nguzo alimshika Koleo mkono kule gizani.

"Watamuua mjomba wako!"

"Anti, njoo nje. Haraka."

Walitoka kwa kupapasa ukuta. Nje jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa wa kutosha kupeperusha kofia. Na pale nje, msomaji, kulikuwa na kitu ambacho mji mzima ulikuwa unakijua na kukichukia. Kwenye nguzo za transfoma ya sinema zilipita laini mbili. Moja ilikuwa ya sinema, iliyokufa sasa hivi. Ya pili ilikuwa inakwenda nyumbani kwa Waziri, na hiyo haijawahi kukatika hata dakika moja, mgao au si mgao. Samaki wa Bwawa hawaozi.

Koleo alizitazama laini mbili zile, akaanza kufunga mkanda.

"Naziunga," akasema. "Naipa sinema umeme wa Bwawa mwenyewe. Watu watahesabu kura kwa taa yake."

"Peke yako? Na ile moja ina moto!"

"Ile ya moto nitaishika kwa fimbo ya plastiki, ndiyo kazi yangu kila siku. Hii iliyokufa ndiyo nitakayoshika kwa mkono, na haina shida, mradi isiwashwe. Mpigie mama. Mwambie atundike kibao."

Hapa lazima nikueleze habari ya kibao, maana watu wa umeme wanaishi kwa kitu hicho. Fundi akipanda kwenye laini, mtu wa zamu kwenye chumba cha kuongozea anatundika kibao chekundu juu ya swichi ya laini ile. Kibao kikiwa pale, swichi haiguswi. Haiguswi na Meneja, wala na Waziri, wala na Rais mwenyewe akija na ving'ora. Mafundi wanaweza kuibiana nyaya, kuchongeana kazini, hata kuibiana wake. Kibao hawakichezei. Hajawahi kuzaliwa mtu wa kazi hiyo aliyekichezea.

Lakini simu ya Mama Koleo ilikuwa kwenye mfuko wa mtu asiye wa kazi hiyo.

Tunarudi ghorofa ya tatu. Simu ikaita. Katibu akaitoa, akaona jina la wifi, akaipokea na kuingia kwenye korido. Mlango akauvuta nyuma yake.

"Wifi!"

"Ni mimi, shemeji," akasema Katibu.

Mke wa Nguzo akapaza sauti. Upepo ulivuma kwenye simu.

"Shemeji, siasa tuiweke pembeni. Mwambie dada atundike kibao kwenye laini ya sinema. Kuna mtu anapanda. Asiwashe, tafadhali. Mwambie sasa hivi, kuna mtu..."

"Sawa. Nimesikia. Namwambia."

Akakata. Aliikata ile simu kabla mwanamke hajamaliza sentensi yake, na neno lililobaki mdomoni mwa yule mwanamke lilikuwa jina.

Kule chini, mke wa Nguzo akatazama juu, akapaza sauti: "Wamesikia! Baba yako ameitikia!"

"Baba?" Koleo, aliyekuwa ameshafika katikati ya nguzo, akatulia kidogo. Kisha akacheka. "Basi atakuwa yuko na mama. Sawa. Mama akiwa zamu, naweza hata kulala huku juu."

Akaendelea kupanda.

Katibu alisimama kwenye korido, simu mkononi. Nani mwingine wa kupanda nguzo pale, kama si Nguzo? Koleo yuko chumbani, funguo hizi hapa. Mafundi wengine wote walipelekwa kazi za mbali tangu asubuhi. Ni Nguzo. Mjanja, ametoka nje kujiungia umeme. Akifanikiwa, taa zinawaka, kura zinahesabiwa, Bwawa anaanguka, na uenyekiti wa bodi ya nishati, ule aliokwishaahidiwa Katibu kwa mkono juu ya kitabu kitakatifu, unaanguka naye.

Asipofanikiwa, je?

Msinilaumu mimi. Mimi nasimulia tu. Nawaambia kilichopita kichwani mwa mtu aliyekula meza moja na shemeji yake miaka ishirini na saba, na kilipita haraka sana: mgombea aliyekufa hahesabiwi kura. Na swichi haitawashwa na Katibu. Itawashwa na dada yake, kwa mkono wake, kwa furaha.

Aliitumbukiza simu ya mkewe ndani ya ndoo ya mfagiaji iliyokuwa kwenye korido. Akajipangusa mikono, akakunja uso, akaingia na kupiga magoti.

Ndiyo, alipiga magoti. Suti nyeupe sakafuni.

"Mama Koleo. Nisamehe."

Mama Koleo, aliyekuwa anautikisa waya uliong'olewa akijaribu kuurudisha, akageuka.

"Amepiga wifi yako," Katibu akasema, na sauti ikamkatika vizuri kabisa. "Mheshimiwa amekimbia. Watu wamemzomea gizani mpaka akatokea mlango wa nyuma. Sanduku liko salama, analo Nguzo. Wanataka taa tu, wamalize kuhesabu. Nimekuwa mpumbavu. Washa, mke wangu. Washa mdogo wako ashinde."

"Unanidanganya."

"Nikudanganye niseme washa? Nilikuja hapa kukuomba uzime!"

Hapo alimweza. Mwongo anayekuomba kile kile ulichokuwa unakililia, utamshuku kwa lipi? Mama Koleo alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka humo humo ndani ya machozi. Akaufikia ubao, akanyoosha mkono, kisha kazi ya miaka mingi ikamzuia. Akaangalia juu ya swichi. Kulabu tupu, hakuna kibao.

Akauliza hata hivyo, kama wanavyouliza wote wa kazi yake, na huwa wanauliza kwa sauti hata wakiwa peke yao.

"Kuna mtu kwenye laini?"

Katibu alikuwa ameusikia wimbo huo mezani, kitandani, kwenye simu, maisha yake yote ya ndoa. Jibu lake alilijua kwa moyo.

"Laini safi. Watu wako chini."

Mama Koleo akawasha.

Taa ya kijani ikawa nyekundu. Kisha, ndani ya kupepesa jicho, kikalia kishindo ndani ya ubao na taa ikarudi kijani. Laini ilikuwa imejikata yenyewe.

Laini hujikata yenyewe kitu kikiigusa. Na hapa ndipo naomba muuza viatu wangu aweke gazeti chini kama moyo wake ni mdogo. Maana watu wa umeme wana mazoea yao. Laini ikijikata, mara nyingi ni tawi la mti limeilalia, au ndege mkubwa amenyoosha mabawa. Tawi huungua, ndege huanguka, laini inakuwa safi. Kwa hiyo mtu wa zamu hujaribu tena mara moja. Hafikiri. Mkono unakwenda wenyewe, kama unavyopiga chafya mara ya pili.

"Tawi au ndege," akasema Mama Koleo.

Akawasha tena.

Safari hii ikashika. Taa nyekundu ikatulia, mshale wa kupimia umeme ukapanda. Kule sinema taa zote zikawaka kwa pamoja, na ukumbi ukaona ulichokuwa unakifanya. Wapambe wa Bwawa walikutwa miguu hewani juu ya mgongo wa Nguzo, na mmoja alikuwa na sanduku la pili chini ya koti. Wajumbe wakawarukia. Nguzo akainuka, mbavu ameshika, damu puani, sanduku kifuani.

"Hesabuni!" akanguruma. "Hesabuni sasa hivi!"

Nyuma ya transfoma, nje, mke wa Nguzo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na kinywa wazi, na sauti haitoki.

Ghorofa ya tatu, Mama Koleo alikuwa anacheza. Mama mtu mzima, anazunguka chumbani na kushika kichwa. Alipoona mumewe amesimama dirishani anachungulia nje, wasiwasi ukamrudia. Mtu huyu alishazima mara moja. Anaweza kuzima tena. Kwa hiyo alifanya jambo la akili sana, jambo ambalo mimi na wewe tungemsifu siku nyingine yoyote. Ubao ule una ufunguo mmoja mkuu. Ukiuchomoa, swichi zote zinabaki zilivyo, na hakuna anayeweza kuwasha wala kuzima chochote. Akauchomoa, akaufumbata mkononi.

Simu ya Katibu ikaita.

Alikuwa anaisubiri. Kwenye kioo cha simu aliona jina la mpambe mkuu wa Bwawa, yule mwenye kovu usoni, aliyekuwa amewekwa nje ya sinema kuangalia. Akapokea kwa sauti ya chini, amempa mkewe kisogo.

"Sema. Ameanguka?"

"Katibu..." Mpambe alikuwa anahema. "Katibu, uko wapi? Mwambie mkeo azime. Azime sasa hivi."

"Kwa nini? Nguzo si..."

"Nguzo yuko ndani anahesabu kura! Ni binti yako! Ni Koleo, Katibu! Umeme umemrusha, ananing'inia kwa mkanda, kichwa chini, waya uko shubiri moja na uso wake, na huu upepo unambembeza! Anapumua. Naona anapumua. Hakuna anayeweza kupanda laini ina moto. Zimeni!"

Wako mnaosema kwamba watu wa aina hii hawana moyo. Mnakosea. Katibu alikuwa na moyo. Ulikuwa mdogo, na ndani yake alikaa mtu mmoja tu, naye alikuwa juu ya nguzo.

Aligeuka. Uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Zima," akasema.

"Nilijua!" Mama Koleo akarudi nyuma mpaka dirishani, ngumi imefumbata ufunguo. "Nilijua tu! Wamekupigia, wamekwambia Nguzo anashinda!"

"Zima laini! Ni Koleo! Koleo yuko juu ya nguzo!"

"Koleo yuko chumbani kwake. Funguo si unazo mfukoni?"

"Ametoka! Sijui ametokaje! Mama Koleo, nakuapia kwa mama yangu mzazi, nilidhani ni Nguzo! Wifi yako alipiga kusema uweke kibao, nikakuficha, nilidhani ni Nguzo!"

Jamani, aliungama. Kila neno lilikuwa kweli, tena kweli ya kumtia jela. Lakini kweli hiyo ilitoka kwenye mdomo ule ule uliosema laini safi, na Mama Koleo alikuwa ameshashiba mdomo ule kwa siku moja.

"Loo!" akasema, na akacheka kwa dharau. "Dakika chache zilizopita ulikuwa umepiga magoti ukilia niwashe. Sasa unalia nizime. Machozi yako yanatoka kwa mgao?"

"Ongea naye! Chukua, ongea naye mwenyewe!"

Alimsukumia simu sikioni. Mama Koleo akasikiliza. Akasikia sauti ya mpambe mwenye kovu, sauti ileile iliyomtishia kwa simu mwezi mzima kwamba nyumba yake itachomwa.

"Mama, zima, mama yangu, mtoto anakufa."

Na nyuma ya sauti hiyo, kutoka ndani ya jumba la sinema, akasikia kitu kingine. Vigelegele. Makofi. Mamia ya watu wakiimba jina moja kwa pamoja: Nguzo! Nguzo! Nguzo!

Mdogo wake ameshinda. Na watu hawa wanataka giza kabla msimamizi hajaweka saini.

"Mwambie Bwawa amechelewa," akasema kwenye simu, akaitupa mezani.

Katibu akamrukia. Aliukamata mkono wake, akaanza kumfumbua vidole kimoja kimoja, analia, anamuuma kiganja kama mbwa. Kidole cha mwisho kilipokaribia kuachia, Mama Koleo akajigeuza kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akautoa mkono wake dirishani na kuufungua.

Ufunguo ukaenda. Ghorofa tatu chini, kwenye uwanja wa majani marefu ambao kampuni haijawahi kuufyeka.

"Haya," akasema, anahema. "Kamtafutie Waziri wako."

Alisubiri kofi. Alikuwa amefumba macho kulipokea. Halikuja. Alichosikia ni mlango kugonga ukuta, na viatu kwenye ngazi, vikiruka vidato na kuanguka na kuinuka tena.

Akachungulia dirishani ili aone, acheke vizuri.

Katibu wa chama wa wilaya alitokea chini bila koti, kiatu kimoja. Alijitupa kwenye majani kwa magoti. Alikuwa anayang'oa kwa mikono miwili, anayatupa, anapapasa udongo, anang'oa tena, na kinywa chake kilikuwa wazi kikitoa mlio ambao Mama Koleo hakuwahi kuusikia kwa mume wake, hata siku alipomzika mzazi wake. Mlinzi alikuja kumshika. Katibu akampiga kichwa, akarudi kutambaa. Hakuna mtu anayetafuta kura namna ile.

Kicheko cha Mama Koleo kikamkauka.

"Baba Koleo?" akaita, taratibu. "Baba Koleo, unatafuta nini hivyo?"

Katibu akazidi kung'oa majani. Juu ya meza, pembeni ya chai iliyopoa, simu ya Katibu ilikuwa bado hewani. Mpambe mwenye kovu, mtu asiyejua kulia, alikuwa analia.

"Katibu? Katibu, mnafanya nini huko? Ameamka. Anamwita mama yake. Katibu, fanyeni haraka, mkanda unaachia."